Zamu ya sala imefika kwa balozi: je, kumpenda jirani ni kunyamaza?

Mama mmoja anayeishi Bagamoyo ameandika hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ndogo ndogo husali kila wiki kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ni mwanajumuiya mwenzetu na pia ni balozi wa shina wa chama tawala. Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 tumegawanyika. Kijana wetu mmoja aliumia mguu akiwa Dar es Salaam katika vurugu za siku zile, na hadi leo anachechemea. Baadaye katika kundi letu la WhatsApp ulizunguka ujumbe wa sauti unaodai kwamba shemeji alipeleka majina ya vijana kwa wakubwa. Hakuna aliyemuuliza. Sasa kijana hampi mkono wa amani kanisani, nusu ya wanajumuiya wameapa kwamba hawatakanyaga kwake zamu yake ikifika, na mwenyekiti anasema tupendane tu, mambo ya siasa tuyaache mlangoni. Nikienda, nimemsaliti kijana? Nisipoenda, nimevunja amri ya upendo? Na hivi kumpenda jirani ndiyo kunyamaza?"

Jibu:

Milele, amina. Mama, naanza na jibu lenyewe, kisha nitaeleza sababu zake. Nenda kwa shemeji yako zamu yake ikifika, na uwashawishi wengine waende. Usimlazimishe kijana yule kutoa mkono kabla moyo wake haujafika huko, wala usikubali mtu mwingine amlazimishe kwa kutumia jina la upendo. Na kabla ya siku hiyo ya zamu, ujumbe ule wa sauti utafutiwe majibu, kwa kuwa jumuiya inayosali juu ya tuhuma ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja imekubaliana kudanganyana mbele za Mungu. Mambo hayo yanaonekana kupingana, na nadhani ndiyo maana mmekwama, lakini yote yanatoka katika amri ile ile moja.

Tazama kwanza kwamba mna magomvi mawili, nanyi mmeyachanganya yakawa moja. Ugomvi wa kwanza ni wa siasa: shemeji yako ana chama chake na wadhifa wake, wengine wana chama kingine, na wengine wamechoshwa na vyama vyote. Ugomvi wa pili ni wa haki: inadaiwa kwamba mtu alitenda tendo ambalo liliwaweka vijana wa majirani zake hatarini. Ugomvi wa kwanza haumpi Mkristo yeyote sababu ya kuisusa nyumba ya mwenzake, hata kidogo. Wa pili ni mzito, lakini hauna ushahidi mwingine zaidi ya sauti isiyo na mwenyewe. Wale wanaomsusa shemeji yako kwa ajili ya chama chake wamejificha nyuma ya tuhuma, na mwenyekiti anayesema yote ni siasa ameizika tuhuma chini ya chama. Pande zote mbili zimekwepa kazi iliyopo.

Kuhusu siasa sitakawia. Maaskofu wa nchi za AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, msingi waliouchagua ulikuwa ujirani. Hakuna aliyeulizwa anapenda kusali na nani. Ulihesabiwa kwa nyumba unayolala. Chama cha kitume unakichagua, kwaya unaichagua, lakini jumuiya unapewa pamoja na mtaa wako, na mtaa wowote wa Bagamoyo una balozi, una mpinzani, una mfanyabiashara anayetaka tu amani ili duka lake lifunguliwe, na una mama ambaye mwanawe hakurudi nyumbani. Kwa hiyo jumuiya yenye watu wa mrengo mmoja tu ingekuwa jambo la kushangaza. Bwana wetu mwenyewe aliwaweka katika Thenashara yake Mathayo, aliyekuwa akitoza ushuru katika mfumo uliowanufaisha watawala, pamoja na Simoni aliyeitwa Zelote, jina linalodokeza bidii kali ya kutetea sheria na taifa la Wayahudi. Injili hazituambii kwamba wawili hao walikubaliana kuhusu kodi. Zinatuambia kwamba walikula pamoja.

Sasa nije kwenye tuhuma, na hapa nitakaa kwa muda mrefu zaidi.

Wanajumuiya wanaokataa kwenda wanaamini kwamba kuingia katika nyumba ya mtu ni kumtangaza kuwa hana hatia. Imani hiyo inaeleweka, kwa sababu katika desturi zetu za pwani mtu akikubali kukaa kwenye mkeka wako na kunywa chai yako, watu huhesabu kwamba mmeyamaliza. Lakini linganisha na habari ya Zakayo katika sura ya 19 ya Injili ya Luka. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru mjini Yeriko, na kwa maneno yake mwenyewe inaonekana alikuwa na mashaka juu ya namna alivyopata mali yake. Yesu alimwambia, "Shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Alisema hivyo kabla Zakayo hajatamka neno lolote la toba. Watu wakanung'unika kwamba ameingia kukaa kwa mtu mwenye dhambi, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana wao ndio waliokuwa wametozwa. Toba ilikuja baadaye: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyenyang'anywa kwa hila arudishiwe mara nne.

Angalia mpangilio wa mambo katika habari hiyo, mama. Kuingia nyumbani kulitangulia, na hakukufuta deni. Yesu hakumwambia Zakayo kwamba ya nyuma yamepita, abaki na fedha zake. Waliodhulumiwa Yeriko walipata faida kwa sababu kuna mtu aliyekubali kuketi na mdhalimu wao, na kama wote wangeisusa nyumba ile, Zakayo angebaki na mali yake na wao wangebaki na kinyongo chao. Kwa hiyo, hata kama yote yaliyosemwa katika ujumbe ule wa sauti yangekuwa kweli, bado ningekuambia uende. Ningeongeza tu kwamba huendi kwa ajili ya chai.

Hapa inafaa tuelewane upendo ni nini, maana mkanganyiko mwingi wa jumuiya yenu unatoka hapa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifuata mafundisho ya kale akasema kwamba kupenda ni kumtakia mtu mema. Ni tendo la nia. Hisia zinaweza kuja au zisije, na mara nyingi huchelewa sana kuliko nia. Ndiyo sababu Bwana aliweza kuamuru tuwapende adui zetu: hisia haiamriwi, lakini nia na matendo huamriwa. Kijana aliyeumia mguu anaweza moyoni kumtakia shemeji yako mema huku damu ikimchemka kila anapomwona. Na mema anayomtakia yanaweza kuwa haya hasa: kwamba kama alitenda kosa, alijue, aliungame, alilipe, ili asiende mbele ya Hakimu wake akiwa nalo. Mwenye kumtakia jirani yake hayo anampenda zaidi kuliko yule anayemchekea kwenye ibada huku akimteta jioni barazani.

Msimamo wa mwenyekiti wenu nauheshimu kwa nia yake, kwa sababu anataka jumuiya isisambaratike, lakini siukubali. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Hekima hiyo inafaa wageni wakiwa mlangoni na wali umeungua; haifai pale ambapo mmoja wenu anachechemea. Mtume Paulo, katika sura ile ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho ambayo tunaisoma katika kila harusi, anasema upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli." Na nabii Yeremia aliwalaumu viongozi wa dini wa wakati wake kwa kuliponya jeraha la watu kwa juu juu tu, wakisema amani, amani, wakati amani haipo. Nimeona jinsi neno "tupendane" linavyotumiwa siku hizi kumfunga mdomo aliyeumia, na daima anayeambiwa apende zaidi ni yule ambaye tayari amepoteza zaidi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake kuhusu udugu alioutia sahihi Oktoba 2020, alisema wazi kwamba kumpenda mdhalimu hakumaanishi kumwachia aendelee kudhulumu, na kwamba anayedhulumiwa ana haki ya kudai haki yake huku akiulinda moyo wake usiliwe na kisasi. Kusamehe ni kuacha kulipiza. Kudai ukweli ni jambo jingine, nalo linaweza kwenda sambamba na kusamehe.

Sasa tuuchunguze huo ujumbe wa sauti. Kumbuka hali tuliyokuwamo. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na vurugu na vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na kuzimwa kwa intaneti nchini. Watu waliishi siku kadhaa kwa tetesi, na mtandao uliporudi, sauti na picha zilimiminika kwa pamoja, za kweli na za uongo, bila tarehe na bila mahali. Ujumbe wenu umetoka katika hali hiyo. Unaweza kuwa wa kweli. Unaweza kuwa wa mtu mwenye kesi ya kiwanja na shemeji yako. Aliyeutuma katika kundi hakujua, aliyeusambaza hakujua, na walioapa kutokanyaga kwake hawajui, lakini wote wamekwisha kutoa hukumu. Amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, haivunjwi na mtunzi wa uongo peke yake. Inamgusa pia anayebonyeza kitufe na kuandika juu yake maneno tuliyoyazoea, "nimeupokea kama ulivyo," kana kwamba maneno hayo yanamwosha mikono.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa mazoezi yake ya kiroho, aliweka kanuni ambayo ningependa ibandikwe juu ya kila kundi la jumuiya: Mkristo awe mwepesi wa kuyatafsiri maneno ya mwenzake kwa wema kuliko kuyalaani, akishindwa kuyatafsiri kwa wema, amuulize mwenyewe ana maana gani, na kama mwenyewe amekosea kweli, amrekebishe kwa upendo. Kanuni hiyo inahusu maneno ya mtu, lakini naiona inafaa matendo pia. Ninyi mmeruka hatua ya katikati. Katika barua yako yote, sentensi iliyonishtua kuliko zote ni ile fupi, "Hakuna aliyemuuliza." Kundi zima la watu wanaokutana kila wiki kusoma Injili, na hakuna hata mmoja aliyevuka uchochoro kumuuliza jirani yake swali moja.

Njia ya kuuliza Bwana aliiweka wazi katika sura ya 18 ya Mathayo: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Kisha mmoja au wawili pamoja nawe, kisha kanisa. Kwenu kazi hii iwe ya watu wawili ambao shemeji yako anawaheshimu na ambao hawakushabikia ujumbe ule, na ningependelea mmoja wao asiwe wa chama chake. Usiwe wewe, mama. Wewe ni shemeji yake. Jibu lolote atakalokupa, ndani ya ukoo litageuka kuwa jambo la mke wa mdogo wake kumhoji kaka mkubwa, na ukweli utapotelea humo. Watu hao wawili waende mchana, waombe kuzungumza faraghani, wamsikilizishe ujumbe wenyewe kutoka kwenye simu badala ya kumsimulia, na wamuulize kwa maneno yasiyo na mtego: "Mzee, hiki kinasemwa juu yako. Tumeona si haki kukisema nyuma yako. Je, kina ukweli?" Kisha wanyamaze wasubiri.

Akikana, na hamna ushahidi mwingine, basi jumuiya inalazimika kumtendea kama mtu asiye na hatia, na aliyeusambaza ujumbe ana wajibu wa kuusahihisha katika kundi lile lile aliloutumia. Kumwomba radhi pembeni hakutoshi. Katika mafundisho yetu ya kitubio, heshima ya mtu iliyoharibiwa ni mali iliyoibwa, nayo hurudishwa pale pale ilipoibiwa kwa kadiri inavyowezekana.

Akikiri, hata kwa nusu, kwa mfano akisema kwamba aliulizwa majina na akayataja kwa hofu bila kujua yatatumiwaje, hapo mambo yanakuwa magumu na pia yanakuwa na matumaini zaidi. Wasimtukane, wala wasimfariji haraka. Mtu wa namna hiyo anapaswa kuonyeshwa njia ya malipizi: kwenda kwa familia zinazohusika, kusema alichokisema na kwa nani, kusaidia kupatikana kwa kijana kama kuna aliyekamatwa kwa neno lake, kuchangia matibabu kama kuna aliyeumia. Ikiwa kuna jambo la kisheria, hilo lina vyombo vyake na familia zilizoathirika zina haki ya kuvifuata. Jumuiya isijigeuze mahakama, wala isiwazuie watu kwenda mahakamani kwa madai kwamba Wakristo hawashitakiani. Paulo alipowalaumu Wakorintho kwa mashtaka yao, aliwalaumu pia kwa jambo tunalolisahau: kwamba walikuwa wanadhulumiana wenyewe kwa wenyewe, ndugu kwa ndugu.

Huenda baadhi ya vijana wenu watasema kosa la hadhara lijibiwe hadharani. Wana hoja. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, tena mbele ya wote, kama anavyosimulia katika sura ya pili ya Waraka kwa Wagalatia. Lakini wasisahau kosa la Petro lilikuwa nini. Alikuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi, kisha walipofika watu fulani kutoka Yerusalemu akajitenga akaacha kula nao, kwa kuogopa watu wake watasemaje. Yaani Mtume mkuu alikemewa hadharani kwa sababu ya kuisusa meza. Anayetaka kuitumia habari hiyo kuhalalisha kususa nyumba ya balozi amechagua mfano mbaya. Inafaa kwa jambo jingine: inafundisha kwamba anayejua kosa kwa hakika, lililotendwa mbele ya watu, anaweza kulitaja mbele ya watu. Ninyi hamjui kwa hakika.

Nirudi kwa kijana. Hapa nakuomba uwe na subira kuliko yote niliyosema hadi sasa, kwa kuwa jumuiya zetu zina haraka ya kuona watu wanashikana mikono. Ishara ya amani katika Misa ni amani ya Kristo ambayo tunaiombea na kupeana kabla ya kukaribia meza yake. Haisemi kwamba kila shauri kati yetu limekwisha. Kwa hiyo kijana akiweza kumwinamia kichwa tu yule asiyeweza bado kumshika mkono, aachwe afanye hivyo, na asiwepo mama yeyote wa kumsukuma mgongoni. Lakini yapo maneno ya Bwana katika Mathayo 5:23-24 ambayo yanawahusu wote wawili, na watu huyasoma kwa haraka: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Bwana hakusema "ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako." Anayetakiwa kuondoka madhabahuni ni yule anayejua kwamba mwingine ana kinyongo naye. Mzigo wa hatua ya kwanza hakumwekea aliyeumizwa.

Na hatua yenyewe haikuwa ndogo. Waliomsikiliza walikuwa Galilaya, na madhabahu ya sadaka ilikuwa moja tu, Yerusalemu, umbali wa zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, mbali kuliko kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Mtu aache mnyama wake pale, arudi siku kadhaa za safari hadi kijijini, apatane, kisha apande tena. Wasikilizaji walielewa ukubwa wa jambo hilo bila kuelezwa. Kwa hali yenu, maneno hayo yanamtaka shemeji yako, ambaye hakika anajua kwamba kijana ana neno juu yake, aende yeye nyumbani kwa kijana, awe na hatia au asiwe nayo. Wale wazee wawili wamwambie hivyo. Asisubiri kijana aje kwake siku ya zamu, na asiende na watu wa chama.

Atakapokwenda, asianze na hotuba. Bwana alimuuliza Bartimayo kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" ingawa kila mtu pale njiani aliona kwamba ni kipofu. Nafasi ya kusema unachotaka ni sehemu ya kupendwa. Sisi wa Bagamoyo tuna historia inayotufundisha jambo hili kwa pande zake zote mbili. Misheni iliyoanzishwa hapa mwaka 1868 iliupokea mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, ulioletwa kwa miguu na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kutoka Chitambo katika Zambia ya leo; Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, na wamisionari waliompokea walikuwa mapadre Wakatoliki wa Kifaransa, katika karne ambayo madhehebu hayo yalishindana na kushukiana vikali, na walimlaza katika kanisa lao. Vita ya Abushiri ilipoitikisa pwani katika miaka ya 1888 na 1889, wakazi wengi walikimbilia katika uwanja wa misheni hiyo hiyo. Huo ni upendo ambao haukuuliza kwanza mtu ni wa upande gani. Lakini misheni hiyo pia iliwanunua watumwa ili kuwakomboa, kisha ikawapangia maisha kwa kengele, kazi na nidhamu kali, na si mara nyingi ilipowauliza waliokombolewa wanataka nini. Nasema hivyo bila kuwadharau wazee wale, ambao wengi wao walikufa kwa homa wakiwa vijana. Nasema kwa kuwa jumuiya yenu inaweza kurudia jambo hilo kwa kijana huyu: ikamchangia, ikamwombea, ikampangia siku ya kupatana, na isimuulize.

Muulizeni. Huenda anataka fedha za kliniki. Gharama za mfupa hazimalizwi na sala. Msamaria katika Injili ya Luka alitia mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili za kazi, na akaahidi kulipa kilichozidi wakati wa kurudi. Mfuko wa jumuiya utoe, na kila nyumba itoe, na ya balozi isizuiwe kutoa kama nyingine, ila kwa sharti kwamba mchango wake usihesabiwe kuwa fidia wala usiwe bei ya kunyamazisha. Huenda pia kijana hataki fedha, anataka tu mtu mmoja mzima aseme mbele ya jumuiya kwamba alichotendewa kilikuwa kibaya. Hilo linawezekana kusemwa bila kumtaja shemeji yako, na linapaswa kusemwa, katika nia za sala, kwa jina la kijana, kwa sauti ya kusikika.

Kuhusu siku yenyewe ya zamu nina neno la tahadhari. Mkisoma Injili kwa zile hatua saba tulizozizoea, someni somo la Jumapili inayofuata kama kawaida. Asitokee mtu wa kuchagua kifungu cha Yuda Iskarioti ili kumchoma mwenye nyumba, wala kifungu cha kusamehe saba mara sabini ili kumchoma kijana. Neno la Mungu likigeuzwa fimbo, watu huacha kulisikiliza hata siku linapowahusu. Na baada ya sala, mkae. Msimalize "Salamu Maria" ya mwisho mkavaa kandambili na kuondoka. Chai ikitolewa, inyweni.

Mtume Paulo, ambaye alijua magomvi ya makanisa kuliko sisi, aliandika kwa Warumi, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Aliweka masharti mawili ndani ya sentensi moja, kwa sababu alijua kwamba mara nyingine haiwezekani, na kwamba upande wa pili hauko mikononi mwetu. Ukiwa umeuliza kwa haki, umemsikiliza aliyeumia na umeingia katika nyumba uliyoitwa, umefanya upande wako, hata kama siku hiyo mtakuwa watu watano tu ukumbini.

Umeuliza pia, kwa namna ya kupita, kama kwenda kwako ni kumsaliti kijana. Habari ya kwenda kwako isimfikie kwa kusikia kwa watu. Nenda kwake kabla, ukae, umwambie mwenyewe: nitakwenda kusali kwa shemeji yangu wiki ijayo, na kilichokupata wewe sijakisahau, wala sitakaa kimya kikisemwa kwamba hakikutokea. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee. Na kama hatakuja kwenye zamu hiyo, msitume watu wa kumleta, wala jina lake lisirukwe zamu ya nyumba yao itakapofika.